Kikundi cha Ukoo: Neema na theluji ya Minneapolis

Mama Neema: Hamjambo wote. Neema anasema huko Minneapolis, Marekani, theluji inaanza Ijumaa, na sasa ana gari lake. Mjomba Barasa uko? Msaidie mtoto.

Neema: Habari za jioni huko. Ni Prius ya 2012, haibridi, yaani ya petroli na umeme. Naenda nayo zamu ya usiku. Mtu wa kazini ameniambia haibridi haifai kwa baridi kali 😟

Mjomba Barasa: Litaenda, usiogope. Kabla ya Ijumaa shughulikia vitu viwili: tairi na ile betri ndogo.

Kevo: Betri ndogo tena? Si ina ile kubwa ya nyuma?

Mjomba Barasa: Zipo mbili. Kubwa inasukuma gari. Ndogo ya volti 12 ndiyo inaamsha kompyuta na kuifungulia kubwa njia. Ndogo ikifa, hata kubwa ikiwa imejaa gari haliwaki. Hapa gereji naletewa Aqua na Prius, mwenyewe amekata tamaa akidhani ni betri ya haibridi, kumbe ni ile ndogo. Na baridi huimaliza haraka.

Mjomba Barasa: Neema, yako iko ndani ya buti upande wa kulia. Ikikufia, buti halitafunguka kwa kitufe, usihangaike nalo. Fungua boneti, kwenye kisanduku cha fyuzi kuna ncha ya chanya, hapo ndipo pa kuwekea waya wa kujampu. Lakini usingoje ifike huko. Ikapimwe kesho. Ikibadilishwa iwe ya gari hilo hasa, yenye kibomba cha kutoa gesi nje, maana inakaa ndani pamoja na watu.

Neema: Asante Mjomba, nimeandika.

Naliaka Toronto: Mimi niseme ya tairi. Hizo za misimu yote zinakakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7. Tafuta za baridi, ubavuni zina alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani. Na ziwe nne. Wakikuuzia mbili za mbele tu, kwenye kona nyuma itakuzunguka.

Neema: Nne ni pesa nyingi dada.

Mama Neema: Tutachanga. Kevo fungua mchango.

Anti Rose: Natuma elfu tano sasa hivi. Namba ni ile ile ya M-Pesa?

Kevo: Ile ile Anti.

Mjomba Barasa: Pia pima upepo. Kila joto likishuka nyuzi 6 hivi, tairi inapoteza psi moja. Kama ulijaza Septemba kukiwa nyuzi 20 na sasa ni 10 chini ya sifuri, hapo psi 5 zimeenda.

Anti Rose: Mnakumbuka ile barafu ya Nyahururu 2008? Watu walikuja kuishika kwa mikono. Na ilikuwa mvua ya mawe tu. Huyu mtoto ataendesha juu ya hiyo kitu miezi mizima 🙏

Mjomba Barasa: Gia ya B, ile ya kupunguza mwendo kwa injini. Hapa nawaambia watu waitumie wakiteremka Mai Mahiu. Wewe kwenye barafu usiiguse. Inashika magurudumu ya mbele peke yake, yakiteleza usukani haukusaidii. Baki D, toa mguu mapema, breki polepole.

Naliaka Toronto: Na pedali ya breki ikianza kutetemeka ni ABS, inazuia magurudumu yasikwame, endelea kukanyaga. Aliye mbele yako muachie sekunde 5 au 6. Darajani punguza mwendo hata kama barabara ni kavu, daraja huganda kwanza kwa sababu baridi inalipata juu na chini.

Kevo: Mafuta je?

Mjomba Barasa: Atanunua zaidi. Injini itawaka mara nyingi ili ipashe gari joto. Idara ya Nishati ya Marekani inasema kwa nyuzi 7 chini ya sifuri haibridi inaweza kupoteza karibu thuluthi ya umbali inaoenda kwa lita. Kwa hivyo Neema usidhani limeharibika. Tanki lisishuke nusu, ukikwama ndiyo joto lako.

Neema: Swali. Gereji ya hapa imeshikana na nyumba. Naweza kuliwasha humo asubuhi lipate joto kidogo?

Naliaka Toronto: HAPANA. Hata mlango ukiwa wazi.

Naliaka Toronto: Neema hapa nisikilize kuliko hayo mengine yote. Gari hilo likiwa limewashwa linaweza kunyamaza kabisa, ukadhani umelizima. Unatoka na ufunguo mfukoni, umechoka na zamu, unalala. Betri ikishuka injini inajiwasha yenyewe na moshi unaingia nyumbani. Gesi ya sumu iliyo kwenye moshi huo, kaboni monoksidi, haina harufu. Huko Marekani watu wamekufa hivyo na magari ya kitufe.

Mama Neema: Mungu wangu. Neema umesoma hiyo?

Neema: Nimesoma Mama.

Naliaka Toronto: Kabla hujashuka tazama dashibodi. Neno READY liwe limezimika. Nunua king'ora cha kaboni monoksidi, weka karibu na chumba unacholala. Na theluji ikilundikana nyuma ya gari, chimbua ekzosi kwanza ndipo uwashe. Sepetu, blanketi na mchanga kidogo vikae kwenye buti.

Mjomba Barasa: Blanketi lisizibe ile nafasi ya hewa kando ya kiti cha nyuma. Betri kubwa inapumulia hapo.

Shosho: 🎤 Neema mwanangu, hiyo king'ora inunuliwe leo. Tairi zaweza kungoja kesho.

Neema: Naenda sasa Shosho, huku ni saa tano asubuhi.

(Kesho yake)

Neema: King'ora kiko ukutani, nimekijaribu kinalia. Betri ndogo imepimwa ni dhaifu, wanabadilisha. Tairi zote nne zinafungwa Alhamisi. Asanteni sana.

Mjomba Barasa: Vizuri. Risiti ya betri iweke ndani ya gari, ina waranti.