Zeekr imepanda kwa migongo ya wateja wake wa kwanza, kisha ikawapa kisogo

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Haipiti wiki bila mtu kuweka humu picha za magari ya umeme ya Kichina ya daraja la juu, akisifia milango isiyo na fremu, viti vinavyokanda mgongo na kasi ya kuondoka, na mara nyingi gari linalosifiwa ni Zeekr. Sifa hizo sizipingi. Ninachopinga ni kwamba habari ya kupanda kwa chapa hii inasimuliwa nusu: tunaelezwa ilivyopanda, lakini hatuelezwi ni akina nani walioumizwa wakati inapanda, na walioumizwa ni wateja wake yenyewe, wale waliotoa fedha zao wakati wengine wote walikuwa bado wanasitasita.

Zeekr ilianzishwa mwaka 2021 na kundi la Geely, mtengenezaji wa magari wa Kichina, chini ya uongozi wa An Conghui, kwa lengo lililowekwa wazi tangu mwanzo la kuuza gari la umeme la kifahari. Gari lake la kwanza, Zeekr 001, lilizinduliwa Aprili mwaka huo, na wateja wakaanza kukabidhiwa magari yao mwezi Oktoba. Mwaka ulipokwisha yalikuwa yamekabidhiwa magari 6,007. Mwaka 2022 yakawa 71,941, mwaka 2023 yakawa 118,685, na mwaka 2024 yakafika 222,123. Wengi huishia kwenye tarakimu hizo na kupiga makofi, lakini mimi naomba tuwaangalie wale 6,007 wa mwanzo na maelfu waliowafuata, ambao walinunua gari la bei kubwa kutoka kwa chapa isiyokuwa na historia yoyote, bila kujua betri itakuwaje baada ya miaka mitano, bila kujua gari litauzika tena kwa kiasi gani, wakitegemea neno la kampuni peke yake.

Kuna jambo moja ambalo lazima lisemwe kwa haki, kwa sababu ndilo linalofanya yaliyofuata yaniudhi zaidi. Magari ya 001 ya mwanzo yalikuwa na skrini iliyochelewa kuitikia, ambayo wamiliki waliilalamikia sana, kwa kuwa kompyuta ya ndani ilitumia chipu ya kampuni ya Qualcomm ya kizazi cha nyuma. Julai 2022 kampuni ikatangaza kwamba itawabadilishia wamiliki wote chipu hiyo na kuwawekea aina ya 8155, bure kabisa. Huko hakukuwa kutuma sasisho la programu kupitia intaneti na kumwachia mteja asubiri usiku kucha. Ilikuwa ni kufungua gari, kutoa kifaa cha zamani na kuweka kipya, kwa gharama ya kampuni. Tendo hilo lilijenga jina la Zeekr kuliko tangazo lolote la kulipiwa. Watu waliambiana kwamba hapa ukinunua leo hutaachwa nyuma kesho, na kwa msingi huo wengine wakaja.

Sasa tazameni walivyolipwa. Toleo la 2023 liliingia sokoni Januari mwaka huo kwa bei ya kuanzia yuan 300,000, na ilipofika Agosti bei ya 001 ikashushwa kwa kiasi kilichofika hadi yuan 37,000. Aliyenunua Julai alibaki na gari lile lile na deni kubwa zaidi ya la jirani yake. Wamiliki walinung'unika, lakini wengi walimeza, kwa sababu bei hushuka popote, na Tesla nayo ilikuwa imewashushia Wachina bei mwezi Januari mwaka huo huo na kusababisha wateja wake kuandamana kwenye vituo vya mauzo. Tarehe 27 Februari 2024 likatoka toleo la 2024, kuanzia yuan 269,000, likiwa limeboreshwa kwa mengi. Watu wakalichangamkia. Kisha tarehe 13 Agosti 2024, kabla hata miezi sita haijatimia, kampuni ikapanda jukwaani na kuzindua toleo la 2025, kuanzia yuan 259,000.

Miezi sita! Nchini Uchina gari jipya hutembea kwanza na namba ya muda, ambayo ni karatasi inayobandikwa kwenye kioo cha mbele wakati mwenye gari akisubiri bamba la chuma. Aliyekabidhiwa gari lake mwanzoni mwa Agosti alikuwa bado na karatasi hiyo kiooni wakati gari lake lilipogeuzwa kuwa toleo la zamani. Hajamaliza kujifunza vitufe, hajalipa hata awamu ya kwanza ya mkopo, na tayari chumba cha maonyesho alichotoka majuzi kimeweka gari bora kuliko lake kwa bei ya kuanzia iliyo chini.

Na mabadiliko yenyewe hayakuwa ya rangi na taa, kama ambavyo baadhi ya watetezi wa kampuni wanapenda kusema. Mfumo wa kusaidia udereva wa 001 ulikuwa umejengwa juu ya chipu za kampuni ya Mobileye, na katika toleo la Agosti kampuni ikahamia kwenye mfumo wake yenyewe unaoendeshwa na chipu mbili za Orin-X za kampuni ya Nvidia, huku kifaa cha kupima umbali kwa miale ya leza kikiwekwa kwenye magari yote ya toleo hilo. Anayeelewa kidogo jinsi mifumo hii inavyofanya kazi ataona uzito wa jambo hili. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya chipu za aina moja haihamishiwi tu kwenye chipu za aina nyingine, na kampuni inapohamisha wahandisi wake wote kwenda kwenye mfumo mpya, ule wa zamani hubaki kama ulivyo. Kwa hiyo mteja wa Februari hakupoteza fedha peke yake, bali alipoteza pia kile alichoahidiwa kila siku na wauzaji wa magari haya, yaani gari linalozidi kuwa bora kadiri unavyolimiliki. Sedani ya 007, iliyozinduliwa Desemba 2023, nayo ilifanyiwa hivyo hivyo siku ile ile ya Agosti, ikapewa betri mpya ambayo kampuni ilisema inachajiwa kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 10 na nusu, na bei ya kuanzia ikabaki ile ile ya yuan 209,900.

Wamiliki walipopaza sauti, kampuni ilijibu kwa kuahidi kwamba kwa mwaka mmoja unaofuata haitatoa toleo jingine jipya la 001, 007 wala 009, gari lake la abiria wengi. Nimeisoma ahadi hiyo mara nyingi na kila nikiisoma inanichoma. Inamlinda nani? Inamlinda mnunuzi wa Septemba, ambaye hajaumia. Yule wa Machi, wa Mei na wa Julai, ambaye ndiye aliyeleta malalamiko, haimpi chochote, isipokuwa uthibitisho kwamba kampuni ilielewa vizuri kabisa kosa liko wapi na ikaamua kulirekebisha kwa ajili ya watu wengine.

Nawajua watakaonijibu kwamba hivi ndivyo teknolojia ilivyo, na kwamba hata simu hubadilika kila mwaka bila mtu kulalamika. Hoja hiyo siikubali. Simu hainunuliwi kwa mkopo wa miaka kadhaa, haikatiwi bima kubwa, na mtu haitegemei kuiuza ili apate malipo ya awali ya inayofuata. Gari ni mali ya familia. Mnunuzi wa gari lililotumika huuliza kwanza ni toleo la mwaka gani, na kampuni inapobana matoleo matatu ndani ya miezi isiyozidi ishirini, inakata thamani ya mali ya watu ambao mikataba yao ya mkopo haikukatwa hata senti moja.

Wala siwezi kukubali kisingizio kwamba kampuni ilikosa uwezo. Hii ni chapa iliyoweza kuweka kwenye 001 betri ya kampuni ya CATL yenye uwezo wa kWh 140, yenye kutembea kilomita 1,032 kwa kipimo cha Kichina. Ni chapa ambayo Waymo ya Marekani iliichagua iitengenezee gari la teksi isiyo na dereva. Mwaka 2022 ilionyesha kwamba ikitaka inaweza kufungua magari ya wateja na kuyabadilishia chipu. Mwaka 2024 haikutaka, na tofauti kati ya miaka hiyo miwili ni kwamba mwaka 2022 ilikuwa bado inawahitaji wateja hao.

Mtazameni pia mwenye hisa. Mei 2024, miezi mitatu kabla ya kisa hiki, Zeekr iliingia kwenye soko la hisa la New York kwa bei ya dola 21. Mwaka uliofuata Geely ikaamua kuirudisha yote mikononi mwake, ikatoa ofa ya kwanza, wenye hisa wakasuasua, ofa ikaongezwa, na hatimaye Desemba 2025 kampuni ikaondoka sokoni baada ya wenye hisa kupewa nafasi ya kulipwa dola 26.87. Aliyeweka fedha zake kwenye karatasi za Zeekr kwa bei ya mwanzo alitoka na faida, tena aliongezewa baada ya kusitasita. Aliyeweka fedha zake kwenye gari la Zeekr katika majira hayo hayo alilalamika mchana kweupe, na hakuna aliyempandishia ofa. Hapo ndipo nilipojua mteja anawekwa kwenye nafasi gani katika kupanda huku.

Jambo hili linatuhusu sisi pia. Vita vya bei kati ya watengenezaji wa Kichina vimezaa magari yanayosajiliwa kana kwamba yameuzwa, kisha yanauzwa kama yaliyotumika ilhali hayajatembea. Wei Jianjun, mwenyekiti wa kampuni ya magari ya Kichina ya Great Wall, alilisema jambo hilo hadharani Mei 2025, na baadhi ya magari hayo yamekuwa yakipelekwa nje ya Uchina, ikiwemo Mashariki ya Kati. Wengi wetu tunaagiza magari kupitia Dubai. Toleo lililoachwa kwao ndilo linaloweza kutangazwa kwetu kama gari jipya la kifahari, na mnunuzi asiyejua kutofautisha Februari na Agosti 2024 atauziwa mbuzi kwenye gunia.

Madai yangu kwa Zeekr, na kwa kila chapa inayoiga mwendo wake, ni haya. Mteja atangaziwe toleo jipya angalau miezi mitatu kabla, ili aamue mwenyewe kusubiri au kununua kwa punguzo. Vifaa vya mfumo wa udereva viwekwe kwa namna inayowezesha kubadilishwa, na wamiliki wa toleo lililopitwa wauziwe mabadiliko hayo kwa bei ya gharama. Muda ambao mfumo wa zamani utaendelea kupata masasisho uandikwe kwenye mkataba wa mauzo, kwa miaka na kwa maandishi, usiachwe kwenye kauli za watu wa jukwaani. Mwisho, waliokabidhiwa magari kati ya Februari na Agosti 2024 walipwe fidia, hata sasa.

Mwenye gari hili humu ndani, awe Dubai, Muscat, Kigali au kwingineko, naomba aandike hapa chini gari lake ni la toleo gani, aliambiwa nini siku ya kununua, na mara ya mwisho mfumo wake wa udereva kupata sasisho ilikuwa lini.