Hivi nyie wa Bongo Movie, kila hausigeli lazima atoke Iringa?

Wakuu, salaam. Nina hasira tangu Jumamosi, naomba niziteme hapa.

Nilikuwa natoka Dar kuja Mafinga. Tulipopita Mikumi, kondakta akaweka filamu ya kibongo. Hazikuisha dakika tano, mama mwenye jumba la ghorofa na makochi meupe akapiga simu: "Nitafutie msichana wa Iringa, wale hawana maneno." Binti akaletwa. Anaogopa friji, anafua simu kwa sabuni, na akifungua mdomo anatoa lafudhi ambayo sijawahi kuisikia kwa Mhehe, Mbena wala Mkinga. Kaitunga nani?

Kisha wakaonyesha kwao, "Iringa". Wakuu, minazi! Mchanga mweupe, minazi imejipanga, na baba yake binti yuko kifua wazi anakunywa mnazi. Muda huo basi letu linapanda Kitonga, milima iko hapo hapo dirishani, baridi inaingia, watu wanafunga vioo. Iringa ya kweli iko nje, kwenye runinga wametuwekea Bagamoyo! Huku tunakunywa ulanzi, unagemwa kwenye mianzi wakati wa mvua. Mufindi ni chai na misonobari, na mwezi wa 6 au wa 7 ukitoka asubuhi bila sweta meno yanagongana. Hata mpiga debe wa Ipogolo angewaambia hayo bure.

Minazi ningeisamehe. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa binti mdogo tu, tumeongea tangu Morogoro, anarudi kwao baada ya miaka miwili ya kazi za ndani Kimara. Basi zima linacheka. Naye alicheka kidogo mwanzoni, halafu akanyamaza, akajifunika kitenge mpaka usoni. Ilula akashuka na kibegi chake, hata kwaheri hakuniaga.

Dada yangu alifanya kazi hiyo hiyo Dar miaka minne. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mikono yake. Friji ya pale aliijua kuliko mwenye nyumba, maana aliyekuwa anaisafisha ni yeye. Sasa mtu kama huyo mnamfanya kichekesho mwaka wa ngapi huu?

Nikasema labda ni filamu hiyo moja. Juzi na jana kwa mama mdogo nikaangalia nyingine mbili. Ya kwanza, kijana wa Kihehe kaachwa na mchumba, anatafuta kamba ajinyonge, na muziki wa kuchekesha unapigwa. Kuna familia huku zimezika watoto wao kwa namna hiyo, nazo zina runinga! Halafu Wahehe hao hao ndio wa Mkwawa, chifu wao aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, akahangaishana nao hadi 1898, akajimaliza kwa risasi wasimkamate akiwa hai. Fuvu lake lilirudishwa 1954, liko makumbusho ya Kalenga huku Iringa, nenda ukalione. Miaka 7 ya vita, nyie mmeona kamba tu.

Ya pili ina Mnyakyusa wa Mbeya ambaye kazi yake ni kujisifu na kugombana. Sikuimaliza.

Msiniletee habari ya bajeti. Mwongozaji Amil Shivji alichukua riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, habari za Zanzibar akaenda kuzipigia Zanzibar kwenyewe, na filamu ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021. Nyie mnashindwa kupanda basi mkaja Iringa siku mbili na kamera? Mkija mtapata wasichana waliowahi kufanya kazi za ndani, wawaeleze wenyewe walilala wapi, walilipwa nini, na nani aliwapiga. Hiyo filamu ningeinunulia tiketi, na dada yangu ningemlipia.

Aliyeshiriki ile ya kwenye basi kama yumo humu, ajitokeze aseme hiyo minazi aliiona Iringa ipi.