Hela ya korosho imeingia: nivute faiba nyumbani au nimlipe mwalimu wa twisheni?

Mjukuu wa Mikindani
Wakuu, salaam. Naomba ushauri, na mnijibu mapema kwa sababu mama watoto ameshaanza kuipigia hesabu hela yenyewe.

Kijana wangu yupo kidato cha tatu. Mtihani wa kidato cha pili alivuka, ila Fizikia D na Hesabu F. Binamu yake yuko Dar, kwao wana faiba, yaani intaneti ya waya, na shemeji kila akipiga simu lazima agusie: "Mtihani si ni mmoja? Mnamwachaje mtoto gizani?" Hapo ndipo panaponiuma, maana kweli NECTA, Baraza la Mitihani, hawana karatasi ya Mtwara na karatasi ya Dar. C inaanzia 45 na A inaanzia 75, uwe Masaki au Tandahimba.

Sasa mafundi wa faiba wamefika nguzo ya jirani. Nikijumlisha kuunganishiwa na malipo ya mwezi kwa mwaka mzima, napata karibu bei ya twisheni ya Hesabu na Fizikia. Zote mbili siziwezi. Nifanye lipi?

Fundi wa Nguzoni
Mkuu, mimi ndio kazi yangu, ningekwambia vuta hata leo. Ila umesema Mikindani. Nyumba ya kisasa au zile za mawe?

Mjukuu wa Mikindani
Ya mawe, ya marehemu babu.

Fundi wa Nguzoni
Basi jipange. Ukuta wa mawe ya matumbawe unakula Wi-Fi vibaya mno. Waya utaingia vizuri, kasi itakuwepo sebuleni, chumba cha kijana atapata vumbi. Utahitaji ruta ya pili. Halafu umeme ukikatika kisanduku cha faiba kinazima, hata kama huko nje faiba ni nzima, kwa hiyo weka na betri ndogo ya ruta. Na usikubali waya ukunjwe kwenye kona ya dirisha. Ndani ni kioo, mwanga unapotea, utaona taa nyekundu inapepesa halafu unitukane mimi.

Chikongola Mmoja
Mimi nilivuta kwa ajili ya watoto. Mwezi wa kwanza walisoma. Mwezi wa pili tulihamia Ligi Kuu ya Uingereza, na nikiri tu, aliyewaongoza kuhama ni mimi.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, shemeji yako ana haki kwamba kipimo ni kimoja, ila hebu kipige hesabu. Kidato cha nne wanachukua masomo saba bora. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. C saba tupu ni pointi 21, na hilo ni daraja la pili. Kijana hahitaji miujiza, anahitaji kuzisukuma hizo D na F zifike 45.

NECTA huweka kwenye tovuti yao uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo: swali gani liliwashinda wengi, walikosea wapi, na mfano wa jibu zuri na jibu baya. Nimefundisha miaka mingi na bado naona wazazi hawaujui. Ni faili dogo, bando la siku linalipakua. Vitabu vya kiada viko maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu. Lakini siku ya vitendo maabara hakuna video itakayomshikia bureti.

Umemuuliza mwenyewe alipopotelea?

Mama Nachingwea
Kaka, huku kwetu hata hiyo nguzo hatuna. Napakua kwa bando, natia kwenye flashi, watoto sita wa mtaani wanasoma kwa zamu kwenye kompyuta moja kuukuu. Wanagombania kiti tu.

Chikongola Mmoja
Mama Nachingwea, huo uchambuzi wa Hesabu unao? Naomba.

Mjukuu wa Mikindani
Nimerudi. Nimemuuliza jana usiku. Anasema alipotea kwenye aljebra ya kidato cha kwanza, akaona aibu kuuliza, akawa ananakili tu. Miaka miwili! Nami nilikuwa nakagua daftari, naona limejaa, nafurahi.

Nimeshaongea na mwalimu, Jumamosi wanaanza, kuanzia huko huko aljebra. Fundi, gharama ya ruta mbili nitumie hata hivyo, tutaona msimu ujao. Shemeji nimemwomba atupigie picha daftari za Hesabu za mwanawe, tangu asubuhi kanyamaza.