Mbona hospitali zinafungwa sehemu zenye wagonjwa wengi?

Mpenda_Takwimu:
Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinaniumiza kichwa. Nasoma habari za Marekani naona tangu 2010 hospitali zaidi ya 100 za vijijini zimefungwa au zimeacha kulaza wagonjwa, na ukiangalia waliobaki huko wengi ni wazee, watu wa presha, sukari, figo, yaani ndio wenye shida na hospitali haswa. Mimi nilijua wagonjwa wakiwa wengi hospitali inapata hela, sasa inafungwaje? Mtu anayepanga huduma za afya za mkoa aanze kuangalia nini, idadi ya watu, umri wao au uchumi?

Nesi_Zamu:
Mkuu anza na nani analipa. Kule wenye ajira wengi wana bima ya mwajiri na hiyo ndiyo inailipa hospitali vizuri, sasa mgodi au kiwanda kikifungwa vijana wanahama na bima zao zinaondoka nao, wanabaki wazee wa Medicare na wa kipato kidogo wenye Medicaid, mipango ya serikali ya tangu 1965 ambayo kwa kawaida inalipa chini ya bima binafsi, na wengine hawana bima kabisa. Texas haijapanua Medicaid iwafikie watu wazima wengi zaidi wa kipato kidogo, na ni kati ya majimbo yaliyopoteza hospitali nyingi za vijijini.

Halafu gharama haipungui eti kwa sababu watu wamepungua. Wodi ikiwa na wagonjwa wawili usiku bado unataka nesi, maabara, umeme, daktari wa kuitwa. Ndio maana wodi ya wazazi mara nyingi inatangulia kufungwa, watoto wanaozaliwa ni wachache ila lazima timu iwepo saa 24. Mama mwenye uchungu anaambiwa aende wilaya ya tatu huko, hii kitu inaniuma sana.

Babu_Data:
Nakubali nusu tu. Japani kila mtu anatakiwa awe na bima tangu 1961, kwa hiyo mlipaji yupo, lakini bado mikoa inateseka. Wenye miaka 65 na kuendelea ni karibu 29% ya nchi, na mkoa kama Akita wamepita theluthi moja, vijana wanakimbilia Tokyo. Kinachokosekana pale ni mikono. Na umri unabadilisha hata aina ya huduma, mzee wa miaka 85 hataki kitanda cha hospitali kila siku, anataka mtu wa kumwogesha, kumpa dawa kwa wakati, kuangalia asianguke. Walianzisha bima ya matunzo ya uzeeni mwaka 2000, watu wanaanza kuchangia wakifika miaka 40. Hela ipo kwenye mfuko, wa kumwogesha mzee ndio hapatikani.

Mwanaafya:
Na hiyo mikono nchi tajiri zinaitafuta kwetu Afrika jamani. WHO walisema 2006 kwamba Afrika ina 24% ya mzigo wa magonjwa duniani na 3% tu ya wahudumu wa afya. Zikatungwa kanuni za kimataifa 2010 za kuajiri wahudumu kutoka nje ila ni za hiari. Lakini tusiwalaumu wanaochukua peke yao, kuna nchi zetu zina manesi waliosomeshwa wako nyumbani kwa sababu bajeti ya kuwaajiri hakuna, na viongozi wa Afrika waliahidi Abuja 2001 kutenga 15% ya bajeti kwa afya, wengi hata karibu hawajafika. Huyo nesi akipata kazi ng'ambo utamwambia asiende kwa lipi?

Mpenda_Takwimu:
Asanteni sana wakuu, nimeelewa. Sasa mkoa ambao watu wanapungua kweli ufanyeje, ukubali tu kufunga?

Nesi_Zamu:
Hapana mkuu. Shida kubwa ni kulipa hospitali kwa kila mgonjwa, wagonjwa wakipungua inakufa. Jimbo la Maryland huko Marekani tangu 2014 hospitali inapangiwa mapato ya mwaka mzima mapema, haitegemei kujaza vitanda. Na kuanzia 2023 Marekani hospitali ndogo ya kijijini inaruhusiwa kuacha kulaza, ibaki na emajensi na wagonjwa wa nje, inapewa hela maalum kila mwezi. Inasaidia, mtu wa ajali anapata pa kukimbilia. Ila wodi ya wazazi hapo kwa kawaida haipo, yule mama bado ana safari, na kwa hilo mimi sijaona mpango wa kuridhisha.