Uzi wa E unakwaruza freti za mwanzo na ampu inakoroma: nirekebishe au nibadilishe besi?

Mpya_wa_Besi
Habari wakuu. Nina miezi minne kwenye besi, ya kujifurahisha tu nyumbani. Gitaa langu ni la nyuzi nne, pasivu (halina saketi ya betri), skeli (urefu wa uzi unaotikisika) ya inchi 34, lilishatumika kabla yangu. Shida ni hizi: uzi wa E, ule mnene kuliko wote, unakwaruza kuanzia freti (vile vyuma vya kukata shingo) ya 1 hadi ya 4, kutoka ya 6 kwenda juu uko safi. Ampu ni ya gitaa la kawaida, wati 20, na nikiongeza besi inakoroma. Halafu kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinauma baada ya robo saa. Nafikiria kuliuza nichukue la nyuzi tano lenye saketi ya betri. Mnashauri nini?

Fundi_Shingo
Usiuze kwanza mkuu. Mkwaruzo wa freti za mwanzo peke yake kwa kawaida unamaanisha shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kwenda nyuma. Uzi unapotikisika unatanuka zaidi katikati, kwa hiyo shingo inahitaji kabonde kadogo mbele yake.

Pima hivi. Tuni gitaa sawasawa, ulishike kama unavyolipiga, usililaze mezani. Funga kapo (kibanio cha kubonyeza nyuzi zote) kwenye freti ya 1, bonyeza E pale shingo inapoungana na mwili, kisha angalia nafasi kati ya uzi na kichwa cha freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa iwe kama milimita 0.3. Fila geji ya mafundi wa magari, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, inafaa kabisa. Kama uzi umelala juu ya freti, umepata jibu.

Chuma cha ndani ya shingo, kinachopingana na mvuto wa nyuzi, kinalegezwa kwa kuzungusha kinyume cha mshale wa saa, robo mzunguko tu kwa mara moja, kisha unatuni upya na kupima tena. Alenki (ufunguo wa pembe sita) ikae ndani kabisa ya nati ya chuma hicho. Ikiteleza itakula tundu la nati, na hapo kazi ni ya fundi. Nati ikigoma usiilazimishe.

Umri wa nyuzi na unene wake je? Seti ya .045 hadi .105 (unene kwa inchi, kutoka uzi mwembamba hadi mnene) inavuta shingo kwa zaidi ya kilo 70 kwa jumla. Aliyekutangulia akiwa ameweka nyembamba, mvuto umepungua na chuma kimeirudisha shingo nyuma.

Ohm_na_Wati
Mimi niseme la ampu. E ya wazi (bila kubonyeza freti) kwenye besi ni takriban hezi 41, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde, ya gitaa la kawaida ni 82. Spika ikitaka kutoa sauti ya nguvu ileile kwa nusu ya masafa, koni yake lazima isafiri mara nne zaidi. Spika ya gitaa haikuundwa kusafiri hivyo, ndiyo maana inakoroma, na ukiendelea kuilazimisha itachanika ukingo au koili itagonga. Leo hii shusha kitasa cha besi chini ya nusu, pandisha kidogo cha kati, na punguza sauti. Noti za besi zinasikika kwa sababu ya masafa ya kati kuliko watu wanavyodhani.

Ukinunua, chukua ampu ya besi. Kwa chumbani wati 25 hadi 40 zinatosha, ilmradi ina tundu la hedifoni. Kupiga na mtu wa dramu ni habari nyingine, hapo anza na 200. Usidhani wati 40 ni mara mbili ya sauti ya 20. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Ukubwa wa spika na kasha lake vina uzito zaidi.

Mpya_wa_Besi
Asanteni sana. Nimepima: nafasi hakuna kabisa. Nyuzi ni .040 hadi .095. Nimelegeza robo mbili, sasa freti ya 7 inaonyesha 0.25. Mkwaruzo umeisha freti ya 2, 3 na 4, umebaki ya 1 peke yake.

Fundi_Shingo
Safi. Liache usiku mmoja, mbao huchelewa kutulia, kisha pima tena kabla ya kugusa chochote. Kama ya 1 bado inakwaruza, mshukiwa ni freti ya 2 iliyoinuka. Chukua kitu kifupi kilichonyooka, hata ukingo wa rula ya chuma, kiweke juu ya freti ya 1, 2 na 3 kwa pamoja chini ya uzi wa E. Kikichezacheza, ya 2 iko juu. Wakati mwingine imechomoka tu kwenye mfereji wake. Fundi ataigonga irudi.

Urefu wa nyuzi unafuata baada ya shingo, usitangulie. Freti ya 12, E iwe kama milimita 2.5 na G, uzi mwembamba kuliko wote, kama 2. Mwisho kabisa ni usahihi wa noti: linganisha hamoniki ya freti ya 12 (uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa) na noti iliyobonyezwa hapohapo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kikalio cha uzi (kile unachopumzikia kwenye mwili wa gitaa) nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

Vidole_Vinne
La kidole. Kwa skeli ya 34, kutoka freti ya 1 hadi ya 4 ni kama milimita 130. Kwa skeli fupi ya inchi 30 ni 115 hivi. Kabla ya kununua skeli fupi, acha kulazimisha kidole kimoja kwa kila freti huku chini. Tumia cha shahada, cha kati na kidogo kwa freti tatu, cha pete kikisaidia kidogo kubonyeza, kama wapigaji wa besi kubwa ya kusimama. Kuanzia freti ya 5 unaweza kurudi vidole vinne. Dole gumba likae nyuma ya cha kati, kiwiko kisibanwe ubavuni, na mkanda uwe mfupi kiasi kwamba gitaa halishuki ukisimama.

Nyuzi tano sikushauri kwa sasa. Shingo ni pana zaidi, na B yake, ule uzi mnene wa ziada, ni hezi 31. Ampu inayoshindwa na 41 haitaiweza. Betri nayo haitibu mkwaruzo. Siku ukilichukua, chomoa kebo kila ukimaliza, maana ndiyo inayowasha saketi, na ukiiacha betri ya volti 9 inaisha likiwa limelala ukutani. Dalili ya betri kuchoka ni sauti kupasuka ukipiga kwa nguvu.

Mpya_wa_Besi
Nimeelewa. Rula nimeiweka, inachezacheza juu ya freti ya 2. Nampelekea fundi, na fedha ya nyuzi tano inakwenda kwenye ampu.

Fundi_Shingo
Ukienda, mwambie kama utabaki na .040 au utarudi .045. Asipojua, atapanga shingo kwa mvuto mmoja nawe uje ufunge nyuzi za mvuto mwingine.