Coco Beach, Kigamboni au Mbudya: tuwapeleke wapi watoto 40 wasiojua kuogelea?

MwalimuTandika

Ndugu wanajamvi, kikundi chetu cha mtaa kinaandaa safari ya siku moja ya baharini kwa watoto wa umri wa miaka 9 hadi 14, ambao karibu wote wamezaliwa na kukulia Dar es Salaam lakini hawajui kuogelea. Tumebaki na machaguo matatu. Coco Beach ni karibu na haina kiingilio. Kigamboni mzazi mmoja ametuahidi eneo lenye vyoo na kivuli. Na Kisiwa cha Mbudya kina gharama kubwa zaidi kwa sababu ya boti na ada ya hifadhi. Aidha, tungependa sehemu ya siku itumike kwa kazi yenye manufaa kwa ufukwe wenyewe. Naomba mlinganishe kwa kutanguliza usalama, kisha hiyo kazi. Suala la uzuri wa picha tuliweke kando.

Nahodha_Kunduchi

Mwalimu, kabla ya kuchagua ufukwe chagua siku, kwa maana ufukwe uleule mmoja unaweza kuwa salama Jumamosi hii na wa hatari Jumamosi ijayo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunakuwa na bamvua, na hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3. Siku hizo maji ya Dar es Salaam hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, kisha yanajaa kwa kasi na kufika kileleni saa 10 au saa 11 jioni. Wiki moja baadaye huja maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo, mikondo imelegea, na asubuhi ndiyo huwa wakati wa kujaa.

Sasa fikiria Idd el-Fitr. Sikukuu hiyo huja kwa mwandamo wa mwezi, kwa hiyo kila mwaka huangukia bamvua. Watu wanamaliza kula mchana, wanavaa, wanapanda daladala, wanafika ufukweni saa 9 alasiri wakati bahari bado inajaa kwa kasi. Mtoto aliyesimama maji yakiwa kiunoni, baada ya nusu saa yanamfika kifuani bila yeye kusogea hata hatua moja. Idd el-Hajj, kwa kuwa ni tarehe 10 ya mwezi, huwa karibu na maji mafu na bahari huwa na upole zaidi. Ushauri wangu ni kwamba uhesabu siku 8 hadi 10 tangu mwezi uandame, utafute Jumamosi iliyo karibu na hapo, kisha ulinganishe na jedwali la maji la bandari. Miezi ya kusi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, usisafiri kabla ya kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi.

BintiOysterbay

Nimekulia jirani na Coco Beach na ninaipenda kwa mihogo yake na kwa kuwa ni mahali ambapo tajiri na maskini wanakaa kwenye mchanga mmoja, lakini kwa watoto 40 wasiojua kuogelea siipendekezi. Mchanga pale umetandazwa juu ya mwamba wa matumbawe wenye mashimo na kingo kali. Maji yakipwa unauona mwamba wenyewe na unaweza kuwaonyesha watoto kaa na samaki wadogo waliobaki vidimbwini. Yakijaa mwamba unafunikwa, na mtoto anayetembea kwenye maji ya magotini anaweza kutumbukia shimo asiloliona. Isitoshe, mwishoni mwa wiki watu ni wengi mno kiasi kwamba hata msimamizi makini hawezi kutofautisha vichwa vya watoto wake na vya wengine. Iwapo lazima muende, nendeni asubuhi maji yakiwa yamepwa, mfanye usafi na matembezi, na muondoke kabla ya adhuhuri bila kuogelea.

Mkaazi_Mjimwema

Naomba niitetee Kigamboni, ingawa si yote. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, basi la watoto linaweza kufika bila kupanga foleni ya kivuko. Fukwe zetu zina mchanga mpana, vyoo vinapatikana kwenye maeneo ya kulipia, na wamiliki wengi wanakubali makundi. Kasoro yake ni kwamba upande wa kusini unatazama bahari kuu, kwa hiyo mawimbi yanaingia bila kizuizi na maji yanayosukumwa ufukweni hutafuta njia ya kurudi. Njia hiyo ndiyo inayoua watu. Mgeni anaona mawimbi yanavunjika kulia na kushoto, katikati kuna kipande kilichotulia chenye maji ya rangi ya mchanga, naye anafikiri hapo ndipo pa kuogelea. Hapo ndipo mkondo unapotoka kuelekea nje. Ukishikwa nao usishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea nchi kavu, maana utachoka. Elea, inua mkono, na ukiweza ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo.

Kwa wanaojua kuogelea, Kigamboni ni pazuri. Kwa watoto wako, ningekubali endapo tu watakaa kwenye maji ya magotini na watu wazima wamesimama upande wa bahari, migongo yao ikiwa kwenye mawimbi na nyuso zao zikiwatazama watoto.

MuuguziZamu

Naongeza kwa upande wa wasimamizi, kwa sababu safari nyingi huwa na watu wazima wengi na mwangalizi hakuna. Methali inasema mfa maji haachi kutapatapa, na wazazi wanasubiri kuona kutapatapa huko. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Kichwa kimelala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inasukuma maji chini kana kwamba anapanda ngazi, macho hayakutazami, na kwa walio ufukweni anaonekana kama anacheza. Kwa hiyo muwe na waangalizi wenye zamu fupi, wasioshika simu, wasiopika, na wenye orodha ya majina ya kundi lao dogo.

Beba madumu matupu ya lita 20 yaliyofungwa vizuri vifuniko, kila moja likiwa na kamba ndefu mpini wake. Anayezama arushiwe dumu, asifuatwe na mtu asiyeogelea vizuri, maana ndivyo wanavyokufa wawili. Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo ili maji yatoke, jambo ambalo bado naliona likifanywa. Mlaze chali, anza kwa kumpulizia pumzi, kisha mkandamize kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, huku mwingine akitafuta gari. Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza. Wasimamizi wawili watatu wapate mafunzo hayo kabla ya safari. Aliyechomwa na samaki aitwaye taa au samaki jiwe, mguu utumbukizwe kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, na apelekwe hospitali. Viatu vya plastiki ni lazima kwa wote, kwa sababu ya matumbawe, vioo, na wale viumbe weusi wa miiba mirefu.

Nahodha_Kunduchi

Kuhusu Mbudya, wengi watasema nawavutia wateja manahodha wenzangu, lakini upande wa magharibi wa kisiwa, unaotazama bara, umekingwa na mawimbi ya bahari kuu na mchanga wake unashuka taratibu. Hatari ya Mbudya iko safarini. Hesabu jaketi za kuokolea kabla ya kuhesabu nauli, na mvalishe mtoto mmoja mmoja. Lile la mtu mzima humvuka mtoto kichwani anapotumbukia. Nahodha anayekuambia mtabanana kidogo, mwache aende zake. Rudini mapema, kwa kuwa alasiri upepo huongezeka. Kisiwa kimo katika maeneo tengefu ya bahari yaliyotangazwa mwaka 1975 pamoja na Bongoyo, kwa hiyo watoto waambiwe mapema kwamba makombe na matumbawe hayaondoki pale.

MwanaUnguja

Mmezungumzia usafi kwa kugusa tu, nami nina shaka nao kidogo. Kuokota chupa ni kazi njema, na taasisi kama Nipe Fagio zimeifanya kuwa ya maana zaidi kwa kuhesabu taka na kuandika ni za kampuni gani, badala ya kujaza mifuko na kupiga picha. Lakini watoto 40 wasiojua kuogelea wanahitaji kitu kingine kwanza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa takriban watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya 9 katika kila 10 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Huku kwetu Nungwi, Mradi wa Panje ulianza kufundisha kuogelea na kujiokoa, ukawaandaa wanawake wa hapahapa kuwa walimu, na wasichana wakaingia majini wakiwa wamevaa mavazi ya kusitiri mwili mzima, hivyo wazazi wakakosa sababu ya kukataa. Kujifunza kuelea chali ndilo jambo la awali. Tafuteni mwalimu mwenye sifa awafundishe hilo tu.

BintiOysterbay

Sikubaliani kwamba lazima kuchagua moja, kaka. Somo la kuelea kwenye bwawa la kina kifupi linaweza kutangulia wiki kadhaa, na usafi ukapewa siku yake. Tofauti ni aina ya maji tu: usafi unataka maji yaliyopwa, kuogelea kunataka maji mafu. Hizo ni siku mbili.

MwalimuTandika

Nawashukuru nyote. Nitapendekeza kamati iwe na siku mbili: ya kwanza Coco Beach asubuhi ya bamvua, kwa glavu, viatu na mizani ya kupima taka, bila mtoto kuingia majini, ya pili Mbudya siku ya maji mafu, baada ya masomo ya kuelea, kwa watoto 20 tu kwa kila safari. Kigamboni tumeiacha mpaka watakapojua kuogelea. Nahodha, naomba unijulishe kama jaketi za saizi ya watoto hupatikana kwa kukodi huko Kunduchi au tununue zetu.

Nahodha_Kunduchi

Zipo chache na nyingine zimechakaa, sponji yake imekufa. Nunueni zenu, Mwalimu, na mzijaribu bwawani siku ya somo.