Mafundi wakongwe, hii ya "tega taimingi kwa sikio" mtaacha lini?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Mimi ni fundi mwanafunzi, na kila nikiuliza namna ya kutega taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, nachoshwa na jibu moja ambalo kila mkongwe analo mdomoni: "Legeza bolti, zungusha taratibu, injini ikitulia kaza." Basi, kesi imeisha. Ukiuliza nyuzi ngapi, unachekwa. Wengine wanakuja na stori za mkanda wa taimingi wakati swali ni la cheche!

Gari ninayoizungumzia ni Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, ile yenye taa zinazoinuka, injini ya 1.6. Haina hata distribyuta (kigawa cheche) ya kuzungusha. Kinachozungushwa ni sensa iliyo nyuma ya silinda hedi, inayoendeshwa na kamshafti. Kiwanda kinataka cheche ipige nyuzi 10 za mzunguko wa krenki kabla ya pistoni kufika juu kabisa, injini ikiwa imeshapata moto, sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) kwenye 850 hivi kwa dakika.

Sasa kuna hatua ambayo hakuna anayeitaja, na ndiyo inayonipandisha hasira. Kabla hujagusa bolti, unafungua kiboksi cha daignostiki na kuunganisha matundu yaliyoandikwa TEN na GND kwa kipande cha waya. Usipofanya hivyo, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inaendelea kusogeza cheche yenyewe ili kushikilia sailensa. Alama kwenye puli ya krenki itacheza mbele na nyuma, na wewe utakaza bolti kwa kufuata namba ya uongo. Kipande cha waya tu, jamani! Mnakificha cha nini?

Turudi kwenye sikio. Injini ikiwa kwenye sailensa, ukiwahisha cheche mizunguko inapanda na mlio unakuwa mtamu. Kwa hiyo sikio litakuvuta kuwahisha kila siku, halitakwambia "hapo umezidisha". Kugonga (mafuta kujilipukia vibaya ndani ya silinda) kunakuja baadaye, gari ikiwa na mzigo, gia kubwa, mlima, mguu umekandamiza mafuta. Hapo pistoni zinaumia na aliyetega kwa sikio hayupo. Ukichelewesha nayo ni hasara yake: gari inakuwa nzito na joto linaishia kwenye ekzosi.

Na nyie mnaosema "nunua taa ya taimingi" (ile inayomulika alama ya puli kila cheche inapopiga) halafu mnanyamaza, nanyi mna lenu. Koili za injini hii zinapiga cheche silinda mbili kwa pamoja, 1 na 4, kisha 2 na 3, kila mzunguko wa krenki. Taa zenye kitufe cha kurekebisha nyuzi huchanganyikiwa hapo, zinaweza kuonyesha mizunguko mara mbili ya iliyopo. Weka kitufe kwenye sifuri, usome alama za kwenye injini yenyewe. Kibanio cha taa kinakaa kwenye waya wa silinda namba 1, mshale uelekee kwenye plagi. Sentensi chache hizo, zingewashinda nini kuandika?

Halafu kuna wanaojisifu wameweka nyuzi 14 na gari "inaruka". Sawa, sibishi, inawezekana. Ila nauliza mbele ya watu: mlipima kwa taa au kwa masikio? TEN na GND zilikuwa zimeunganishwa? Mafuta ni ya okteni (uwezo wa kuzuia kugonga) ngapi? Asiye na majibu ya hayo matatu apite kimya kimya.